Karatasi Nne kwa Mkupuo Mmoja

Kijitabu cha masharti kilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili, na Revelian alikijua kuliko alivyomjua jirani yake yeyote pale Temeke. Kilimfikia kwa meli kutoka Uingereza mwaka 1948, jalada lake rangi ya majivu, na kwa miaka mitano kilikaa upande wa kulia wa meza yake, mahali ambapo mwanamume mwingine angeweka picha ya mkewe. Chuo kikuu kile cha ng'ambo kilikubali kumpa shahada hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga mlangoni pake, mradi atimize yaliyoandikwa mle ndani. Mtihani wa kuingilia aliushinda mapema. Fomu ilitakiwa itiwe sahihi na mtu mwenye cheo anayeijua tabia yake. Padri mmoja wa mjini aliitia bila hata kumtazama usoni. Kilichomkaba kilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Kabla ya kuruhusiwa kuisomea shahada yenyewe, miaka mitatu mingine, mtahiniwa wa mbali lazima afanye mtihani wa kati wenye masomo manne, na afaulu yote manne kwa mkupuo mmoja. Akipata matatu akakosa moja, hayo matatu hayahesabiwi; mwakani anaanza upya. Na mwenye kukosa mara tatu, jina lake linafutwa daftarini moja kwa moja.

Ungemuuliza mtu wa Temeke wa siku zile kwa nini karani mwenye kazi ya serikali, mwenye baiskeli na viatu jozi mbili, ajitese namna hiyo, angekwambia ni kiburi cha Kihaya. Watu husema tu. Hakikuwa kiburi, ilikuwa aibu, na aibu hiyo alikuja nayo kwa treni.

Alizaliwa Bukoba, na akiwa na miaka kumi na mitatu alipelekwa seminari awe padri. Alikaa huko miaka tisa. Hakufukuzwa, wala hakukutwa na mwanamke. Aliamka siku moja akajua kwamba hawezi, akamwambia mkuu wa seminari, akafunga sanduku lake. Baba yake, aliyekuwa ameshatenga upande mzima wa shamba kwa ndizi za pombe ya siku ya upadrisho, alimpa mgongo pale uani na hakusema naye tena hadi alipokufa. Revelian akapanda meli ya ziwani mpaka Mwanza, akapanda treni, akaja Dar es Salaam, akaapa kwamba harudi nyumbani mpaka awe ameshika mkononi kitu kinachoweza kukaa mahali pa ule upadri. Huo ulikuwa mwaka 1938. Mama yake, Kokuberwa, alimwandikia kwa mkono wa katekista: njoo mwanangu, hata mikono mitupu. Naye kila mara alijibu kwamba bado kidogo.

Pamoja na barua, mama alituma buni. Kwa Wahaya mgeni akiingia, kabla hajaulizwa habari za alikotoka, huwekewa buni za kutafuna, zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa. Kila mwaka msafiri mmoja alimletea Revelian kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba, naye alizimimina ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, kwa ajili ya wageni. Kufikia mwaka huo ninaousimulia kopo lilikuwa limejaa hata kifuniko hakikufunga vizuri.

Maana wageni hawakuwapo. Kilichomharibia ni alasiri. Ofisi ya ramani alikofanya kazi ilifungwa saa kumi. Saa kumi na nusu alikuwa ameshaingiza baiskeli ndani ya kota yake ya vyumba viwili, amefunga mlango, amekaa mezani, na hainuki mpaka herufi zianze kupotea machoni. Sasa hiyo alasiri ndiyo saa ya watu. Ndipo mikeka inapotolewa barazani, ndipo bao linapochezwa, ndipo posa zinapopelekwa na wagomvi wanapopatanishwa, na ikishasaliwa alasiri ndipo maiti anapobebwa kwenda makaburini. Temeke ile ya makuli, maseremala na makarani, Waislamu na Wakristo mchanganyiko, haikumuuliza mtu sana anasali wapi. Ilitazama iwapo anazika. Revelian hakuzika. Mwanzoni walikuja kumwita. Alitoa kichwa, akasema pole, akasema ana kazi ya ofisini. Baadaye wakawa wanamwarifu tu, kwa kuwa kumwarifu jirani ni lazima, na wakishamwarifu wanakwenda zao. Hata chama cha kuzikana cha watu wa kwao, kilichokutana kila Jumapili alasiri, kilimwondoa kwenye orodha kwa kutomwona.

Mtu mmoja tu hakumkatia tamaa. Huyo alikuwa Mzee Bakari, seremala, Mzaramo wa miaka sitini hivi, ambaye kibanda chake kilitazamana na dirisha la Revelian, ng'ambo ya kichochoro. Ndiye aliyemchongea meza yake ya mninga. Siku aliyoileta aligoma kuondoka mpaka aambiwe kazi yake.

"Mie nimechonga meza za kulia, za kuuzia nyama, za kunyooshea nguo," alisema, vumbi la mbao likimdondoka nyusini. "Hii ya kukaa mtu peke yake na karatasi, sijapata. Hebu nambie, Bwana Karani."

Revelian alimweleza ukurasa wa arobaini na moja. Alikuwa hajawahi kuueleza kwa Kiswahili, na alishangaa jinsi ulivyokuwa mfupi.

"Yaani ukishinda tatu, ukashindwa moja?"

"Nimeshindwa zote, Mzee."

"Na zile tatu zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote. Zinafutika."

Mzee Bakari aliipapasa meza. "Waungwana gani hawa," alisema mwishowe. "Nimchongee mtu viti vinne, vitatu imara, cha nne kikalegea mguu, anirudishie vyote nikavichome moto? Nyie Wahaya mmezidi. Mngekula wali kama wenzenu haya yasingewapata."

Tangu siku hiyo mtihani ule ukawa wao wawili. Majibu yalipokuja mwaka 1951, mzee alisimama mlangoni pa kibanda chake akauliza kwa kuinua kidevu tu. Revelian akanyoosha vidole vitatu. Ilikuwa historia iliyomwangusha. Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwenye randa yake, na kwa juma zima aliwatukana Waingereza kwa niaba ya jirani yake.

Mwaka 1952 aliponzwa na Kilatini, na hapo ndipo alipoumia kwelikweli. Kilatini ndicho alichokiamini. Miaka tisa alikisali na kukiimba, na mwaka uliotangulia kilipita, japo kwa kuponea chupuchupu, kwa hiyo hakuona haja ya kukifungulia kitabu. Lakini chuo kile hakikutaka Kilatini cha misa. Kilitaka cha Warumi wa kale, wapagani, na vita vyao na madaraja yao, na majibu ya Revelian yalijaa maneno ya altareni. Hilo ni kosa ambalo asingelifanya mtu asiyepita seminari. Mwingine angeogopa na kusoma. Historia safari hii aliipata vizuri sana.

"Ngoja kwanza," alisema Mzee Bakari alipoonyeshwa tena vidole vitatu. "Mwaka jana hicho Kilatini ulikipata?"

"Nilikipata."

"Na mwaka huu historia umeipata?"

"Nimeipata, Mzee."

"Sasa si nne hizo? Wapelekee zile za mwaka jana, uongeze na hii. Waambie Bakari kasema."

Revelian alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa mezani akajisikia kulia. Tangu hapo akaanza kukikwepa kibanda. Hakumchukia mzee, la hasha. Lakini yule ndiye mtu pekee katika mji mzima aliyekuwa akimngoja na habari, na mtu asiye na habari njema hapendi kungojwa. Akawa akitoka asubuhi anazungukia nyuma ya kota, njia ya mbali yenye mchanga, akikokota baiskeli.

Ikabaki mara moja. Mwaka 1953, mwishoni mwa Juni, Jumatatu hadi Alhamisi, kila siku karatasi ya somo moja, saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Aliomba ruhusa ya siku nne ofisini akapewa.

Chumba cha mtihani kilikuwa darasa la shule moja mjini, lenye madawati ishirini na manne, na mtahiniwa alikuwa yeye peke yake. Msimamizi alikuwa mwalimu wa Kihindi aitwaye Gulamabbas, mwembamba, mwenye kofia nyeusi na miwani, mtu wa utaratibu uliopitiliza. Alimwonyesha Revelian kwamba lakiri ya bahasha haijavunjwa, akamtaka aithibitishe kwa sahihi. Kisha akasimama mbele ya darasa, akalisoma tangazo lote kwa sauti, akiyatazama madawati yale matupu: watahiniwa wote wakae mbalimbali, watahiniwa wasizungumze wao kwa wao, mtahiniwa atakayeonekana akimtazama mwenzake atatolewa nje.

"Kuna swali?" akauliza.

"Hakuna, Bwana."

"Lazima nisome," alisema Gulamabbas, kwa upole kidogo. "Wameandika lazima isomwe."

Jumatatu Kiingereza, Jumanne historia, Jumatano jiografia. Alitoka kila siku akijua kwamba amepata. Mtu aliyesoma miaka mitano hujua.

Wakati huo wote kibanda cha ng'ambo ya kichochoro kilikuwa kimya. Majuma mawili randa haikusikika, ila kikohozi tu, kirefu, kutoka ndani ya nyumba. Jumanne asubuhi Revelian alikutana bombani na Mwanakombo, mke wa Mzee Bakari, mama mnene mtaratibu aliyekuwa akijaza ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mzee wako hajiwezi. Anakuulizia, Karani wangu haonekani kwa nini."

"Nina mtihani, mama. Unaisha Alhamisi. Ijumaa nitakuja nikae naye."

"Haya, baba. Nitamwambia Ijumaa."

Naye alikusudia hivyo kwa moyo wake wote. Jumatano alipanga hata atakachobeba: kopo la buni, kama mtu aendaye kuwatembelea watu wake.

Alhamisi alfajiri, kabla jogoo hajanyamaza, alisikia vilio vya wanawake. Alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi. Hakuhitaji kuambiwa ni nyumba gani. Alibaki na soksi moja mkononi, na jambo la kwanza lililomjia kichwani, nalisema kama lilivyo, lilikuwa saa. Watamzika leo. Watamzika baada ya alasiri. Karatasi ya Kilatini saa nane hadi kumi na moja.

Palikuwa na mwanya mmoja, mwembamba, na mtu aliyekulia Temeke asingeufikiria, au angeona haya kuufikiria. Msiba humfunga mtu pale anapoambiwa. Jirani aliyeambiwa asipokwenda, hana pa kuuweka uso. Ambaye hakupata habari, ambaye alikuwa ameshatoka, huyo atasamehewa. Revelian alikuwa bado hajaambiwa. Alikuwa amesikia tu.

Akawa anavaa upesi, bila taa, ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi! Bwana Revelian! Hodi hapa!"

Aliitambua sauti. Alikuwa Wilbert, fundi wa mashine za bandarini, Mkristo mwenzake wa nyumba ya tatu, mtu asiye na maneno mengi. Revelian alisimama katikati ya chumba, kiatu kimoja mguuni, akabana pumzi. Wilbert akagonga tena. Nje ya mlango hakukuwa na kufuli, na kila mtu mtaani alijua kwamba Karani akitoka hufunga kwa kufuli kubwa la shaba. Akagonga mara ya tatu, taratibu zaidi, kama mtu anayegonga akijua anasikiwa.

"Haya," alisema Wilbert, na nyayo zake zikaondoka.

Revelian alingoja mpaka akahesabu mia. Halafu akatokea uani, akaiinua baiskeli akaipitisha juu ya ukuta mfupi wa nyuma, yeye akafuata, suruali ikachanika kidogo kwenye paja. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mwenye tai shingoni, anaruka ukuta wa nyumba anayoilipia kodi.

Alifika mjini saa moja na nusu asubuhi, akakaa juu ya ngazi za shule hadi saa nane. Gulamabbas alimwonyesha lakiri. Akasoma tangazo. Kifungu cha kutafsiri kilihusu wanajeshi wanaojenga daraja la mbao juu ya mto mpana, nguzo kwa nguzo, na kila fundi na kazi yake. Revelian aliyajua maneno yote. Saa ya ukutani ilipogonga kumi, aliinua kalamu. Sasa wamemtia kwenye jeneza. Sasa wanatoka nje, wanapokezana mabega, na kila anayeweza kutembea yumo. Aliitazama saa, akatazama madawati ishirini na matatu, akatazama mikono yake.

Halafu akaendelea kuandika, na aliandika vizuri. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Mkono haukutetemeka, akili haikupotea, na aliumaliza mtihani ule dakika kumi kabla ya muda.

Alirudi Temeke jua limekwisha kuzama nusu. Mbele ya nyumba ya Mzee Bakari lilifungwa turubai, na wanaume walikaa mikekani kwa ukimya wa watu waliotoka makaburini, udongo mwekundu ukiwa bado miguuni mwao. Aliegesha baiskeli, akawaendea.

"Poleni, jamani."

"Tumeshapoa."

"Nilitoka alfajiri," alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Sikuwa na habari kabisa."

Wilbert alikuwa miongoni mwao. Alimwinulia macho, akamtazama muda wa kutosha, kisha akainama akawa anakwangua udongo kwenye kisigino chake. Mtu mmoja alisogea kumpa nafasi mkekani. Revelian alikaa. Mazungumzo yaliendelea kumpita juu ya kichwa, habari za nani aliingia kaburini, nani alileta maji. Baada ya robo saa aliaga, na wakamwitikia kwa adabu. Kuitikiwa kwa adabu na watu ambao wamezoea kutaniana, hakuna kinachomweka mtu mbali zaidi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Kibanda kilifungwa. Asubuhi hakukuwa tena na sababu ya kuzungukia nyuma, akarudia njia ya mbele, akawa anapita mbele ya mlango uliofungwa kwa kamba, na maranda ya mwisho yakiwa bado yanapeperushwa kichochoroni. Wilbert alimsalimu kwa kichwa. Alasiri Revelian alikaa mezani kwa mazoea, ingawa hakuwa na la kusoma mpaka majibu yatoke, na alijikuta akisikiliza. Alikuwa amezoea kusoma kwa sauti ya randa bila kujua kwamba anaisikia. Upweke wa kuchagua aliuzoea miaka kumi na mitano. Huu ulikuwa mwingine, na aliulaza kitandani akaamka nao.

Bahasha ilikuja wiki ya pili ya Oktoba. Aliifungua palepale posta, amesimama, watu wakimsukuma. Amefaulu yote manne. Kilatini alikipata kwa alama za juu kuliko masomo mengine. Aliruhusiwa sasa kujiandikisha kwa shahada yenyewe, si chini ya miaka mitatu, na mwisho wake karatasi tisa, kwa mkupuo mmoja. Mkubwa wake ofisini, Mwingereza, alimwambia vizuri sana, akampa faili jingine. Jioni alimwandikia mama yake. Alipomaliza barua alikaa akautazama mkono wake juu ya meza ya mninga, na vidole vinne vilikuwa vimenyooka vyenyewe.

Kesho yake alasiri, kwa mara ya kwanza, hakuketi. Alichukua kopo la buni akavuka kichochoro.

Mwanakombo alikuwa bado edani. Miezi minne na siku kumi mjane hakai na mwanamume asiye maharimu wake, hivyo mlangoni palitundikwa pazia la kaniki, na shangazi yake, bibi kizee mwenye masikio makali, alikaa kizingitini akichambua mchele. Revelian aliambiwa akae juu ya kigoda upande wa nje.

"Shikamoo, mama. Ni mie Revelian, wa kota."

"Marahaba, baba," ilijibu sauti nyuma ya pazia.

"Nimekuja kukupa pole. Nimechelewa sana."

"Pole haichelewi. Nimeshapoa. Majibu yametoka?"

Revelian hakutegemea kuulizwa. Aliinua vidole, kisha akakumbuka kwamba haonekani. "Yametoka, mama. Nne."

"Zote?"

"Zote."

"Alhamdulillahi," alisema Mwanakombo. "Angecheza yule mzee. Angecheza hapa mbele za watu. Basi maneno yake hayakupotea."

"Maneno gani, mama?"

"Si yale niliyomtuma Wilbert." Pazia likatikisika, kama mtu anayesogea karibu. "Jumatano magharibi alikuwa na akili zake timamu. Alisema, 'Kesho yule Mhaya ana karatasi ya nne. Nikifa, asije kunizika. Mwambieni mie nimempa ruhusa, aende akaimalize, asije akanishikia jembe moyo uko mjini.' Alfajiri Mungu alipomchukua, hata maiti hajafungwa kidevu, nikamtuma Wilbert kwanza kwako. Nikamwambia mkimbilie kabla hajatoka, asije akavunja safari. Akarudi akasema kagonga hukufungua. Nikasema basi, alikuwa keshaondoka, Mungu kamtoa mapema." Akangoja. "Ulikuwa ushatoka, baba?"

Shangazi aliacha kuchambua mchele.

Revelian angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari, alikwisha kulitumia mara moja chini ya turubai. Alilitazama kopo magotini mwake.

"Nilikuwepo, mama," alisema. "Nilimsikia."

"Ukamsikia."

"Nikanyamaza. Nilijua anakuja kuniita."

Mwanakombo aliposema tena hakuwa na hasira, na Revelian angeshukuru kama angekuwa nayo.

"Masikini wee. Hakuja kukuita, baba. Alikuletea kwaheri yake."

Revelian alilia, waziwazi, mbele ya bibi asiyemjua. Hakuna aliyemzuia. Alipoweza, alilisogeza kopo kizingitini. Bibi alifungua kifuniko, akanusa.

"Nini hivi?"

"Buni. Kwetu mgeni akija, anapewa hizi kwanza."

"Lakini mgeni ni wewe, mwanangu. Mgeni anakujaje na buni zake mwenyewe?"

"Kwangu hajafika mtu, bibi," alisema Revelian.

Siku ileile alikwenda kwa Wilbert akamweleza ukweli. Wilbert alimsikiliza akiwa amesimama, akasema ameelewa, akasema ana zamu ya usiku, akaingia ndani. Kuanzia hapo Revelian akawa anauacha mlango wake wazi kila alasiri, kiti kimoja mbele yake, kijitabu cha masharti kimefungwa mezani. Watu walipita wakamsalimu. Wengine waliutazama mlango wenyewe zaidi ya mwenye mlango.

Mwezi wa kumi na moja alifariki muuza mkaa mmoja wa mwanzo wa mtaa. Ilikuwa Jumamosi, ofisi zimefungwa mchana. Revelian alimsikia mpiga hodi akianza mbali, akija nyumba kwa nyumba, na kila hodi ikifuatwa na mlango unaofunguliwa na sauti zinazoshuka. Alivaa viatu, akasimama kizingitini. Hodi ikapigwa nyumba ya kushoto kwake. Kisha ikapigwa nyumba ya kulia.

Mpiga hodi hakupita kwa chuki. Alipita kama mtu apitavyo mahali ambapo hakuna tena haja ya kusimama. Revelian alibaki pale, mkono umeshaanza kuinuka kumkaribisha.

Baada ya alasiri jeneza lilitoka, wanaume wakilikimbilia walibebe mabegani kwa zamu. Aliwaacha wapite wote. Halafu akatoka, akasahau kufuli, akashika nafasi ya mwisho kabisa nyuma ya msafara, akatembea nao mpaka makaburini, na njia nzima hakuna aliyegeuka.